Mchovu Asipime Dawa Peke Yake: Mwongozo kwa Wahudumu wa Afya wa Eastlands

Kama umetoka zamu ya usiku na unasoma haya ndani ya matatu ya Jogoo Road huku kichwa kikigonga dirisha, weka simu mfukoni, ukifika ukalale. Mwongozo utakungoja.

Ninyi mliobaki, nawaandikia wauguzi, wakunga, maafisa wa kliniki, madaktari, watu wa maabara na wa famasi, pamoja na wahudumu wa afya ya jamii, mnaofanya kazi kati ya Pumwani na Kayole, Makadara na Dandora. Sitawaambia mjipende wala mnywe maji mengi. Nina jambo moja: uchovu wa mhudumu ni hatari kwa mgonjwa, na hatari ya wodini hutambuliwa, ikaandikwa, ikapangiwa. Mashine ya presha ikianza kutoa namba za uongo, hakuna anayeiambia ijikaze. Huondolewa mezani, ikaandikiwa ripoti, ikatafutwa nyingine. Muuguzi aliyefika hali hiyohiyo huambiwa kazi hii ni wito.

Jikague kwenye faili, si moyoni

Shirika la Afya Duniani limeutaja uchovu wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, na likaeleza wazi kwamba wenyewe si ugonjwa bali ni hali inayoletwa na shinikizo la kazi lililodumu bila kushughulikiwa. Uchovu huu una alama tatu: nguvu kwisha, moyo kuikimbia kazi au kuibeza, na kuhisi kwamba ulifanyalo halifai kitu. Ya kwanza kila mtu wa Eastlands anayo, hata makanga. Ya pili ndiyo inayomfikia mgonjwa, na ni vigumu kuiona ukiwa ndani yake, maana huja ikijifanya uzoefu.

Kwa hiyo usijiulize unajisikiaje. Fungua faili ulizojaza juzi. Tazama chati ya vipimo: joto 36.5, mapigo 80, pumzi 20. Kitanda kinachofuata 36.5, 80, 20. Na kingine hivyohivyo hadi ukutani. Kila aliyewahi kufanya kazi wodini anaijua chati hiyo. Kuna mtu aliishiwa nguvu akajaza namba ili karatasi isibaki tupu, na mwenye nimonia wa kitanda cha kumi na moja akaonekana mzima hadi asubuhi. Ukikuta mwandiko ni wako, umeshapata jibu.

Usikilize pia ulimi wako. Mama mwenye jina lake amekuwa "yule sizeria". Mzee amekuwa "kitanda sita". Swali la mgonjwa linakukera kabla hajalimaliza. Anayelia kwa uchungu wa kuzaa unamwambia alipokuwa akiitafuta hiyo mimba hakulia. Utafiti wa mradi wa Heshima uliochapishwa 2015 uliwahoji wanawake 641 waliojifungua katika vituo 13 hapa Kenya, na mmoja kati ya watano alieleza kudharauliwa au kunyanyaswa kwa namna fulani. Si wote waliowatenda hivyo walikuwa wamechoka. Wengine ni watu wabaya tu, na hao hawahitaji mwongozo, wanahitaji barua. Lakini wapo waliokuwa wakunga wapole miaka mitano nyuma, na hao ndio ninaowafikiria.

Ukijikuta humo, usikimbilie kujichapa. Tangu Juni 2013, serikali ilipofuta ada za kujifungua katika vituo vya umma, akina mama waliongezeka kuliko wauguzi walivyoongezwa, na hospitali kama Pumwani, iliyofunguliwa 1926 mji ukiwa mdogo, ndizo zilizobeba mzigo. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi wakagoma karibu miezi mitano mwaka uliofuata, kisha madaktari tena siku 56 mwaka 2024. Na kila mgomo ukiisha, foleni iliyosubiri hurudi kwa watu walewale. Julai 2021 Kenya ilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza, kwa hoja kwamba wapo waliosomea na hawana ajira. Wodi zetu nazo hazina watu wa kutosha. Yote mawili ni kweli, na hapo ndipo penye aibu, wala si yako.

Saa tisa usiku

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na akifika saa 24 huwa karibu na asilimia 0.10. Alkoblo yetu humnasa dereva kwenye kiwango kinacholingana na asilimia 0.08. Sasa mchukue muuguzi aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi kupeleka watoto shule, akafua, akapika, hakulala mchana, akaingia zamu jioni. Ikifika alfajiri anazidi kipimo. Angekuwa kwenye usukani angelazwa kituo cha polisi cha Buruburu. Sisi tumempa trei ya sindano.

Kati ya saa tisa na saa kumi na moja usiku ndipo mwili unapodai usingizi kwa nguvu zaidi, hata kama ulilala mchana. Pangia saa hizo. Hesabu za dozi zinazoweza kufanywa kabla ya saa nane zifanywe kabla. Zile za watoto wachanga zisifanywe na mtu mmoja hata siku moja: kila mmoja apige hesabu yake bila kuonyeshwa jibu la mwenzake, kisha mlinganishe. Ukimwonyesha jibu lako kwanza, mwenzako mchovu atatikisa kichwa tu. Nukta ikihama nafasi moja kulia, mtoto amepewa dozi mara kumi ya anayostahili.

Najua utasema uko peke yako, kwamba katika kituo kidogo cha mtaani usiku ni wewe, mlinzi na msafishaji. Basi andika hesabu kwenye karatasi, igeuze, nenda ukafanye kazi nyingine ya dakika chache, urudi upige upya bila kutazama ya kwanza. Zikitofautiana, piga simu. Kuwe na namba ya mwenzako mmoja mliyekubaliana naye kwamba ataamshwa kwa jambo hili na hatanuna.

Halafu kuna usingizi wa dakika 20. Mkiwa wawili, laleni kwa zamu. Dakika 20, si saa mbili. Ukizama sana utaamka mzito kuliko ulivyolala. Wapo wasimamizi wanaoona hili ni utovu wa nidhamu. Hao hao hukubali bila neno watu wawili wanaosinzia wakiwa wamesimama, na sijaelewa hesabu yao.

Makabidhiano ya asubuhi ndiyo mlango mwingine wa makosa, kwa sababu anayetoa anataka gari na anayepokea hajanywa chai. Februari 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mgonjwa mmoja alipasuliwa kichwa badala ya mwingine baada ya vitambulisho kuchanganywa. Waliosimamishwa kazi walikuwa wanne: mpasuaji, muuguzi wa wodi, muuguzi wa kupokea wagonjwa theata, na mtoa ganzi. Sisemi chanzo kilikuwa uchovu. Nasema mgonjwa alipita mikono yote hiyo.

Kabidhianeni kando ya kitanda, si kwenye meza ya ripoti. Muulize mgonjwa, "Unaitwa nani?" Usimuulize, "Wewe ni Wanjiku?" Mtu mwenye homa, dawa za maumivu na hofu huitikia jina lolote. Kisha sema alikuja na nini, amefanyiwa nini, kipi kinasubiriwa, na kipi kinakutia wasiwasi. Hilo la mwisho ndilo huachwa, nalo ndilo lenye thamani zaidi, maana faili haliandiki kwamba "huyu mama hajakaa sawa, sijui ni nini".

Andika upungufu

Usiku mmekuwa wachache kuliko kazi. Kwa kawaida mtalalamika wenyewe kwa wenyewe, mtakimbia, mtu atafariki, na asubuhi ataulizwa aliyekuwa zamu. Fanya hivi badala yake: mwanzoni mwa zamu, si mwishoni, mtumie msimamizi ujumbe na uuandike kwenye kitabu cha ripoti. Usiandike "tumelemewa". Neno hilo limesomwa mara nyingi mno. Andika, kwa mfano: "Leo usiku tuko wauguzi wawili, wagonjwa 38. Hatutaweza kupima wote kila saa nne. Tutaanza na waliofanyiwa upasuaji leo na watoto wenye oksijeni. Tunaomba mtu mmoja kutoka kliniki ya nje." Hapo umesema idadi, umesema kazi gani haitafanyika, umesema nani atatangulizwa, na umeomba kitu kinachoweza kutolewa. Labda hutaletewa mtu. Lakini chati haitajazwa namba za uongo, maana umeshasema ukweli kwa maandishi, na siku ya kuulizwa kitabu kitakuwepo.

Weka nakala ya picha kwenye simu yako, bila jina la mgonjwa yeyote.

Lokamu

Tulizungumze hili bila unafiki. Wengi mnachoka kwa kazi mbili. Unatoka hospitali ya umma asubuhi, unaingia kliniki ya binafsi Umoja au Donholm kufanya lokamu hadi jioni, kisha unarudi wodini. Si tamaa. Mshahara umechelewa, mkopo wa sako unakatwa kabla hujauona, Fuliza imeshameza kilichobaki, na karo haingoji. Sitakuambia uache lokamu, maana sitakulipia kodi.

Lakini hesabu. Chukua karatasi, andika saa zote za wiki moja: zamu, lokamu, na saa za kukaa kwenye gari Outering Road na Jogoo Road. Wengi hawajawahi kuziandika zikakaa mahali pamoja. Ukishaziona, weka mipaka miwili. Wa kwanza: hakuna lokamu kati ya zamu mbili za usiku zinazofuatana, huo ndio muda wako wa kulala na hauna fidia. Wa pili: siku moja nzima katika saba bila kazi yoyote ya afya. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku hiyo kwa mwajiri mmoja. Ukiwa na waajiri wawili, ni wewe tu wa kujipa. Lokamu ikigongana na mipaka hii, ifanye siku za zamu ya mchana au wiki ya mapumziko, na mwambie mwenye kliniki mapema. Anakuhitaji kuliko anavyoonyesha.

Daktari wa ploti

Mtu wa ofisini akifika nyumbani, kazi imebaki mjini. Wewe ukiingia getini, mama wa nyumba namba nne anakungoja na mtoto mgongoni. Jirani mwingine ana karatasi ya maabara anataka usome. Saa tano usiku mlango unabishwa. Katika maghorofa ya Huruma na Kayole watu hawakosei kukutafuta. Hospitali ni mbali, usiku si salama, na wewe ni wa karibu na huna foleni. Ukikataa utaitwa mwenye maringo hadi siku unayohama.

Usikatae. Panga. Waambie majirani kwa upole kwamba unaona watu saa fulani jioni, siku fulani, na nje ya hapo ni dharura tu. Dharura zitaje mwenyewe: mtoto anayeshindwa kupumua au kunyonya, degedege, kutokwa damu nyingi, mjamzito anayeumwa kichwa vikali na kuona giza, mtu aliyepoteza fahamu. Hao uwasindikize hadi wapate gari. Mafua na vipele vingoje. Mwombe mzee wa ploti au mama anayeheshimiwa akusemee; likitoka kinywani mwake halitasikika kama majivuno.

Kuhusu kulala mchana, Eastlands haitakusaidia. Kuna spika za mahubiri, jua kali ya kugonga vyuma, watoto, na siku ya maji kuja kila mtu yuko koridoni na ndoo zake. Utahitaji pazia zito, pamba masikioni, simu ya pili isiyojulikana na kundi la WhatsApp la kazini, na makubaliano na wa nyumbani kwamba saa zako za kulala haziingiliwi kwa gesi kuisha. Kundi hilo la WhatsApp lizime sauti. Anayekuhitaji kweli atapiga.

Kwa msimamizi wa kituo

Sina imani na semina za ustawi zinazofanyika hotelini, ambapo wauguzi wanapewa daftari, soda na somo la kupumua, kisha wanarudi kwenye ratiba ileile. Ratiba ndiyo dawa, na iko mikononi mwako hata kama bajeti haiko.

Ibandike mapema, mwezi mzima, ili mtu aweze kupanga mtoto na lokamu. Usimtoe mtu zamu ya jioni ukamrudisha alfajiri yake. Usimwadhibu mtu kwa kumpanga usiku. Kagua nani hajachukua likizo muda mrefu, umlazimishe aichukue. Mara nyingi ni yule mchapakazi unayemsifu. Baada ya kifo kizito, cha mama mzazi au mtoto, waketishe waliokuwepo kwa dakika kumi na chai: nini kilitokea, nani anahitaji kwenda nyumbani. Kikao cha kutafuta makosa kiwe siku nyingine. Na ukiletewa ule ujumbe wa upungufu, ujibu. Hata jibu la "sina mtu, tangulizeni hao mliowataja, nimepeleka taarifa juu" hubeba sehemu ya mzigo.

Usiwasahau wahudumu wa afya ya jamii, hawa tunaowaita CHP. Tangu Septemba 2023 wana mikoba ya vifaa, na kila mmoja ana kaya kama 100, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na kaunti. Hapa mjini kaya 100 huweza kuwa majengo mawili ya ngazi nyembamba. Wanayoyakuta humo, nyumba isiyo na unga, binti aliyefichwa, mgonjwa wa akili aliyefungwa, wanarudi nayo nyumbani jengo lilelile, bila zamu ya kuisha. Wakutanishe mara kwa mara wazungumze, na wasikae na kesi nzito peke yao hata wiki moja.

Ikiwa wewe ni mgonjwa au jamaa yake

Kwa ufupi: andika kwenye karatasi dawa unazotumia na usizoweza kuzitumia, uje nayo. Taja jina lako kamili kabla ya kila sindano. Uliza, "Hii ni dawa gani, ya nini?" kwa sauti ya kawaida. Muuguzi aliye timamu hachukizwi na swali hilo, na aliyechoka huamshwa nalo. Ukitendewa vibaya, lalamika kwa maandishi kwa msimamizi, ukitaja siku na saa. Kumfokea sista kwenye foleni hakujawahi kuleta sista wa pili.

Ikizidi uchovu

Uchovu wa kawaida hupungua ukilala na ukipumzika siku kadhaa. Ukitoka likizo na giza liko palepale, ukiwa hufurahii hata watoto wako, ukiwa unakunywa ili ulale au umeanza kujidunga au kumeza dawa za kabati la wodi, ukiwa unafikiria afadhali usiamke, hilo si jambo la ratiba tena. Septemba 2024 nchi ilimpoteza daktari mwanagenzi wa Gatundu aliyejitoa uhai, na chama cha madaktari, KMPDU, kikazungumza hadharani juu ya zamu ndefu na malipo. Kifo kama hicho hakina sababu moja. Lakini waliokaa chumba cha chai cha hospitali yoyote waliielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Tafuta mtu wa kukuhudumia ambaye si mwenzako wa kazi. Hospitali ya Mathari ina kliniki ya nje, na kama unaogopa kuonekana na watu uliosoma nao, nenda kaunti jirani. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure ya ushauri nasaha, 1199, na Befrienders Kenya husikiliza watu wenye mawazo ya kujiua. Wapo wanaonyamaza wakihofia polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume cha Katiba. Mwenzako akikuambia amechoka kuishi, usimpe aya ya kumtia moyo. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, usimwache na funguo za kabati la dawa, na umpeleke akahudumiwe.

Mwisho, likizo. Sheria ya Ajira inakupa si chini ya siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo, na ukiugua, baada ya miezi miwili kazini, si chini ya siku saba kwa malipo kamili na saba kwa nusu. Mkataba wako au wa chama chako unaweza kukupa zaidi, usome. Likizo huombwa kwa maandishi, na ukikataliwa, omba jibu nalo liandikwe, ulipeleke kwa mwakilishi wa chama chako. Jaza fomu wiki hii, kabla ratiba ya mwezi ujao haijabandikwa.